Selotepu ya Marehemu Abass

Chai iligoma kupoa.

Hilo lilikuwa la kwanza, na laiti Abdulsalam angekuwa mtu wa kusikia la kwanza, la pili lisingemng'oa mwenziwe meno. Lakini mtu aliyeamshwa kando ya barabara ya milimani, mbali huko kaskazini ya Guangzhou, alfajiri ya ukungu, ndani ya suruali ya kubana iliyomfanya aonekane kama muhogo uliofungwa mpira, hana akili ya kuchunguza kikombe. Alikipeleka mdomoni, akaungua ulimi, akamlaani aliyegundua chai.

"Umelala sana, mzee," alisema Derick. "Nimengoja ipoe, haipoi. Nikaona nikuamshe hivyohivyo."

"Mangi, wewe hujui kungoja. Mchaga akikaa mahali pamoja anahisi duka limefungwa."

"Nimeshuka mtoni kujaza chupa, nimerudi, nimeziba pancha, nimekula ndizi mbili. Chai bado inafuka. Iguse basi."

Abdulsalam hakuigusa tena. Alikuwa anatazama mikono yake. Ngozi ya juu ya vifundo vya vidole ilikuwa imechunika, kulia na kushoto, na damu ilikuwa imeganda kwenye kucha kama hina iliyopakwa na mtu mwenye haraka.

Yeye na Derick walikuwa katika safari ya baiskeli ya kilomita elfu moja, kutoka mjini kuizunguka milima na kurudi, na katika safari ya namna hiyo adui si mlima wala mvua. Adui ni usingizi. Ukiukubali ukalala hotelini, muda uliowekwa wa kumaliza unakwisha na jina lako linafutwa. Ukiukataa kabisa, unasinzia juu ya tandiko na unaingia bondeni huku unaota uko kwenu. Kwa hiyo walikuwa wametunga mpango wao, wakauita usingizi wa chai. Mmoja anamimina chai ya moto kwenye kikombe cha bati, anakiweka chini, anajinyoosha. Mwenziwe anakaa macho. Chai ikifika pa kunyweka, mlalaji anaamshwa, anainywa, wanaondoka. Derick alikuwa amesoma kwamba usingizi mfupi ndio dawa. Ukizidi, ubongo unazama, na kuutoa ni kama kutoa lori kwenye tope. Abdulsalam alikuwa hajasoma chochote, ila chai aliijua.

Walipozunguka kona walimkuta mbwa. Alikuwa mbwa yuleyule aliyewabwekea waliposimama. Sasa alilala katikati ya barabara, shingo imesokotwa kama mtu asokotavyo nguo kuikamua, na katikati ya meno yake palining'inia kipande cha selotepu ya kahawia.

"Gari hilo," alisema Derick.

"Gari," aliitikia Abdulsalam, akaficha vidole vyake chini ya usukani. Alikuwa ameona magari mengi maishani. Hakupata kuona linalosokota.

Inafaa kueleza selotepu ile, maana hata Abdulsalam mwenyewe baadaye aliieleza mara nyingi, kila mara akijipiga kofi la paji la uso.

Miaka mingi alikuwa Xiaobei, mtaa wa Waafrika mjini Guangzhou, akinunua baiskeli na vipuri na kuvipeleka Unguja kwa makontena, na miaka yote hiyo hakupanda hata moja. Pale kwa Bi Mwatima, Mpemba aliyewapikia Waswahili wote wa mtaa ule, walikuwa wakimcheka: muuza baiskeli anayepanda teksi kwenda kununua maandazi. Daktari alipompima sukari na kukunja uso, Derick, kijana wa Moshi anayenunua nguo soko la Shisanhang na kuendesha baiskeli kwa mapenzi, alimwambia twende. Kitambi kikasema tusiende. Abdulsalam, kwa mara ya kwanza, akakipinga.

Mfanyabiashara wa Guangzhou ana kitu kimoja kinachomtambulisha kuliko pasi ya kusafiria: alama ya mzigo. Kwenye ghala la wakala wa mizigo, maboksi ya watu mia yanalala pamoja, na hakuna anayesoma jina la mtu. Inasomwa alama. Alama ikiwa yako, mzigo ni wako, hata kama ndani mna viatu vya jirani. Hakuna kesi hapo. Na marehemu Abass, aliyekuwa tajiri kuliko wote pale mtaani, alichapisha alama yake juu ya selotepu yenyewe: jicho jekundu lisilo na kope, mamia ya macho yakifuatana utepe mzima.

Abass alisifika kwa kutolala. Alfajiri yuko Shisanhang, adhuhuri yuko Liuhua kwenye viatu, usiku mzima unamsikia chumbani akifunga maboksi. Krraaa. Krraaa. Nani aliyeishi Xiaobei asiijue sauti ya selotepu ikivutwa? Alipokutwa amekufa macho wazi, mwenye nyumba alitoa vitu vyake ukumbini, na humo mlikuwa na boksi zima la selotepu ambazo hazijatumika. Watu walipita wakazitazama, wakapita. Abdulsalam alipita, akarudi, akazibeba. Cha bure kwake kilikuwa na utamu wa halua. Kwa selotepu ile alifunga mifuko kwenye fremu ya baiskeli, akazungushia usukani, na goti lake la kulia lilipoanza kumuuma siku ya kwanza, akalifunga nayo, mizunguko minene.

Kwa lugha ya ghalani, akajitia alama.

Mchana ule, kwenye mteremko wenye changarawe, tairi la Derick liliteleza, akaanguka na kuteguka kifundo cha mkono. Abdulsalam alikivuta, akakinyoosha, akatoa selotepu.

"Hii si bandeji, mzee."

"Kontena zima linavuka bahari kwa hii, itashindwa na mkono wa Mchaga? Tulia." Akamfunga, akampa na roli nzima atie mfukoni, ya akiba.

Jioni walisimama kwenye kituo cha mafuta nje ya mji mdogo. Zamu ilikuwa ya Abdulsalam kulala. Derick alimimina chai, akakaa kwenye tairi bovu akitafuna karanga. Abdulsalam alifumba macho, na kabla kope hazijagusana vizuri alisikia, karibu kabisa na sikio, selotepu ikivutwa.

Alikuwa ghalani. Maboksi yalipanda mpaka gizani, na pale palinuka karatasi zilizonyeshewa na mafuta ya halud, yale aliyokuwa akijipaka Abass. Mbele yake palikuwa na mzigo mmoja usiofungwa, na kazi yake, aliijua bila kuambiwa, ilikuwa kuufunga, lakini mzigo ulikuwa unacheza, unafurukuta, kila akiubana hapa unatokea pale, basi akaupandia kwa goti kama wapandavyo wapakiaji, akausindilia kwa ngumi ili uingie, akausindilia tena, na ukawa unatoa sauti ya kubonyea kama papai bovu, na ulikuwa na kitu kigumu mdomoni mwake kilichomkata vidole, naye akakasirika kuwa mzigo una meno, mzigo wa nani huu wenye meno, akaupiga pale penye meno mpaka ukanyamaza, kisha akautafuta shingo ili aufunge vizuri, krraaa, na alipoipata akaibana, akaibana, na mahali fulani mbali sana mtu alikuwa akiita mzee, mzee, mzee, kwa sauti iliyokuwa ikipungua.

Kilichomwamsha ni kichwa chake mwenyewe kugonga nguzo. Derick alikuwa amemrusha kwa miguu yote miwili.

Kijana alikuwa chini, mdomo umepasuka mpaka puani. Alitema, na meno mawili yakaanguka kwenye saruji. Kando yao kikombe cha bati kilisimama palepale, hakikumwagika, na chai yake ilikuwa inafuka.

"Mimi?" aliuliza Abdulsalam, ingawa goti lake lilikuwa bado na damu ya mwenziwe.

"Nilikugusa bega tu," Derick alinong'ona, akirudi nyuma kwa makalio. "Macho yako yalikuwa wazi. Ulikuwa umekwisha kusimama, umepanga baiskeli, umefunga mifuko, unafanya kazi kama mtu mzima. Nikasema mzee, chai. Ukageuka." Alishika koo. "Ukaniambia, nani kakutuma umwamshe mzigo wangu? Na ukakohoa. Mzee, kile kikohozi nakijua. Ni cha Abass."

Abdulsalam alikaa chini. Akaishika selotepu ya gotini na kuivuta. Ilikuja na ngozi. Akaiacha.

Derick akavuta yake ya kifundoni. Ilitoka kwa ulaini, kama isiyokuwa na gundi kabisa, ikaacha wekundu kidogo wa wino. Akaitupa kwenye pipa la taka, na wote wawili wakaisahau. Ni vizuri msomaji asiisahau.

Walimtumia Bi Mwatima ujumbe wa sauti. Jibu lilikuja mara moja, na nyuma yake vilisikika vyombo vikioshwa.

"Abdulsalam, baba, mjinga gani anayeokota kitu ambacho Waswahili mia wamekiruka? Nisikilize. Huyo jini wa selotepu ile anataka mwili unaolala, autumie. Na adui yake ni anayeamsha. Ukilala, atakayekuamsha atauawa kwa mikono yako. Mara ya kwanza aliyebweka ni mbwa, akafa kwa niaba ya kijana. Asipokuamsha mtu, ndiyo umeshapotea hivyo. Kwa hiyo usilale. Usipande gari wala treni, utasinzia kabla mlango haujafungwa, umnyonge dereva wa watu. Panda hilo libaiskeli lako uje kwangu. Na huyo kijana aondoke, akuache."

Ujumbe ulipokwisha walitazamana.

"Umesikia," alisema Abdulsalam. "Nenda zako. Una mke, Mangi. Felisia akikuona huna meno ataniua kabla ya jini."

Derick alichukua baiskeli yake, akaipanda kwa taabu. "Ukiwa peke yako utalala kona ya kwanza," alisema. "Nitakaa mbele kidogo. Sikugusi. Nitakutukana tu."

Ndivyo ilivyokuwa. Kila hila ya kuufukuza usingizi waliitumia ile safari ya kurudi. Abdulsalam alitafuna tangawizi mbichi mpaka ufizi ukafa ganzi. Alijikamulia ndimu machoni. Aliimba kasida zote za madrasa, akamaliza, akaingia nyimbo za harusi, akataja bei za vipuri kuanzia kengele mpaka ekseli, na pale sauti ilipoanza kunyong'onyea, Derick, mbele yake, alitupa jiwe lenye uzito kuliko yote.

"Mzee, pilau ya Unguja haina ladha. Mnaweka viungo kuficha wali mbaya."

"Unasemaje wewe mla ndizi?"

"Nasema mama yangu anapika machalari, nyinyi mnapika manukato."

Walikwenda mwendo mrefu kwa hasira hiyo tu, na ilikuwa hasira tamu, hasira ya watu wawili wanaojua kwa nini wanagombana. Usiku ukapita hivyo. Asubuhi ikapita. Lakini watu wa pwani wanajua kwamba majini wana saa zao mbili, na ile ya pili si ya giza. Ni mchana wa jua la utosi, mtu anapokosa hata kivuli cha kujifichia.

Saa hiyo iliwakuta juu ya daraja refu, majengo ya mji yakianza kuonekana, malori yakipita ubavuni moja baada ya jingine. Lami ilikuwa ikitoa mvuke. Abdulsalam aliona Abass amekaa kwenye ukingo wa daraja, roli ya selotepu mkononi, halafu kwenye ukingo unaofuata, na unaofuata, na akajiambia hiki ni kiwewe cha kukosa usingizi, Derick alinieleza kuwa watu huona vitu, huyu hayupo, na akafurahi kwa kuwa amejibu kwa busara, na katika furaha ile ndogo, kiasi cha kupumua mara moja, kope zikashuka.

Krraaa.

Ghalani palikuwa na joto. Mzigo ulikuwa mbele yake ukikimbia, mzigo wenye magurudumu, ukipiga kelele usilale mzee usilale, na mikono yake ikanyooka yenyewe na kuudaka kwa nyuma, ikausukuma kwenye ukuta wa vyuma, ikausugua pale, uso wa mzigo kwenye vyuma, kwa mwendo ule ule wa kukimbia, cheche zikaruka na kitu chekundu kikaandika mstari mrefu ukutani, na ng'ambo ya mzigo palikuwa na nafasi wazi yenye sauti ya maji chini kabisa, na mikono ilikuwa inautafutia mzigo nafasi ile. Na Abdulsalam, aliyekuwa ndani ya mikono ile kama abiria asiye na tiketi, alielewa kwamba anayemwamsha ndiye anayeuawa, na kwamba kuna mtu mmoja tu anayeweza kumwamsha Abdulsalam bila kuuawa, naye ni Abdulsalam, basi akatazama huku na huku ghalani akaona mashine ya kukatia selotepu, inazunguka, ina meno, na kwa nguvu zote zilizobaki kuwa zake akakipeleka kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto katikati ya yale meno.

Zilikuwa spoki za gurudumu la mbele.

Maumivu yalimtoa ghalani kama mtu anayetolewa kisimani kwa nywele. Baiskeli ilipinduka, yeye akapinduka nayo, Derick akaanguka upande wa ndani wa daraja, si wa nje. Lori likapita na honi yake ndefu. Abdulsalam aliuinua mkono. Kidole kilikuwa na pingili moja badala ya tatu.

Derick alitambaa mpaka alipo. Shavu lake moja lilikuwa nyama tupu, kaptura imechanika, na alikuwa akilia bila kujua analia. Alimfunga kile kidole kwa fulana yake.

"Mzee."

"Kile hakitumiki," alisema Abdulsalam, meno yakimgongana. "Pilau tunakula kwa vidole vya mkono wa kulia. Pilau yenye ladha."

Maumivu yakawa chai kali kuliko zote. Yalimweka macho mpaka Xiaobei.

Felisia, mkewe Derick, aliwangoja chini ya jengo na teksi. Alimtazama mumewe, akamtazama Abdulsalam, akampakia mumewe kwenda kushonwa. Wapishi wawili wa Bi Mwatima walimbeba Abdulsalam ngazini hadi chumba cha juu ya jiko, wakafungiwa nje.

Bi Mwatima alikuwa mfupi, mpana, na alikuwa bado amevaa aproni yenye mafuta. Alitia mvuje kwenye makaa, na moshi wake mchafu ukajaa chumba. Alimnywesha kombe, aya za zafarani zilizooshwa kwa maji. Kisha akamwambia kwa upole, "Haya mwanangu, lala sasa," na Abdulsalam akalala kama jiwe linaloachiwa.

Alichokijua cha baada ya hapo alikijua kwa vipande, kama mtu asikilizaye ugomvi wa nyumba ya pili. Meza ilivunjika. Alimwona mama mzima anarushwa ukutani na kurudi na mwiko wa ugali, anaupiga mkono uliokuwa ukitafuta koo lake, anaupiga tena mpaka mfupa ukalia. Sauti ilitoka kifuani mwa Abdulsalam, na kikohozi.

"Nina alama. Mzigo wangu."

"Mwenye alama amekufa, nimemfuta mkewe machozi mimi mwenyewe," alisema Bi Mwatima, akihema. "Umemla Abass miaka yote ile. Watu wanasema hakulala. Yule alilala, siku zote alilala. Aliyekuwa akitembea si yeye."

"Nikabidhi."

"Hukabidhiwi."

Alimkalia juu ya mapaja, akashika kisu cha samaki, akaanza kuikata selotepu ya gotini. Jicho moja moja. Kila mzunguko ulitoka na ngozi yake, na Abdulsalam alipiga kelele kwa sauti mbili. Uliotoka ulitupwa makaani, ukanuka nywele. Mzunguko wa mwisho ulipobaki, Bi Mwatima alitoa uzi mweusi, akauweka tayari kwenye vidole, akamwinamia sikioni.

"Abdulsalam. Amka wewe, nakuuliza wewe, si yeye. Kila kilichotiwa alama ile nakifungia fundo, kisha nakata. Nisipokifunga kinabaki chake. Ile ya baiskeli wapishi wangu wamekwisha kuichoma uani. Vyenye roho ni vipande vingapi?"

Swali lile Abdulsalam alikuwa ameulizwa maisha yake yote ya biashara. Vipande vingapi? Mlangoni kwa wakala, bandarini, ofisini, kila anayeuliza vipande vingapi anataka kukupunguzia kitu, na ulimi wa mfanyabiashara hufunzwa jibu kabla haujafunzwa sala. Unataja pungufu. Unataja pungufu hata pale usipokuwa na sababu, hata kwa mkeo. Alikuwa na usingizi wa siku kadhaa kichwani na goti lisilo na ngozi, na mahali fulani kwenye ukungu ule kulikuwa na kifundo cha mkono cha mtu, na selotepu iliyotoka kwa ulaini.

"Kimoja," alisema. "Mimi tu."

Bi Mwatima akafunga fundo moja, akakata.

Ndani ya kifua cha Abdulsalam kitu kilicheka kidogo, cheko la mtu aliyeuziwa kwa bei nzuri, kisha kikatoka.

Alilala mpaka hakujua siku. Alipoamka, mkono umo kwenye bendeji na goti limo kwenye dawa, kando yake kulikuwa na kikombe cha chai kilichopoa kabisa, kimefanya utando juu. Aliinywa yote, baridi hivyohivyo, machozi yakimtoka. Hajapata kunywa kitu kitamu namna ile.

Jioni alichukua supu kwa Bi Mwatima, akatia kwenye chupa, akachechemea hadi ghorofa aliyokaa Derick. Alikwisha kutunga maneno ya kumwambia: kwamba meno atamnunulia, ya dhahabu akitaka, Wachaga wanapenda mali inayoonekana. Alipofika ukumbini alisimama. Nyuma ya mlango mtu alikuwa anafunga maboksi.

Felisia alifungua. Alikuwa amejitanda khanga usoni, ikabaki jicho moja. Chini ya khanga, taya lake halikuwa mahali pake.

"Mzee, karibu," Derick aliita kutoka ndani, kwa furaha. "Naona uko mzima. Mimi usiniulize, biashara imefunguka. Shisanhang nimekwenda, Liuhua nimekwenda, leo hiihii."

Alikuwa amesimama katikati ya maboksi yaliyofika darini, mshono shavuni, akivuta selotepu kutoka kwenye roli ya akiba. Kwenye kifundo chake, pale walipodhani ni wino, jicho jekundu lilikuwa limeingia ndani ya ngozi. Chumba kilinuka karatasi zilizonyeshewa, na halud. Macho yake yalikuwa wazi, na Abdulsalam alingoja yapepese. Alingoja sana.

Mezani palikuwa na kikombe.

"Ulimwekea lini chai ile?" alimnong'oneza Felisia.

"Siku aliyotoka hospitali." Mvuke ulikuwa ukipanda kutoka kikombeni, mwembamba, ulionyooka. Mwanamke alimshika Abdulsalam shati kwa vidole viwili, kama mtoto. "Shemeji, nilijaribu mara moja tu. Nilimgusa bega." Aliishusha khanga kidogo, akaipandisha. "Hajaamka. Anakula, anakwenda sokoni, anarudi, ananisemesha. Lakini tangu siku ile hajaamka."

Abdulsalam angeweza kurudi nyuma. Mlango ulikuwa wazi, ngazi zilikuwa pale. Aliweka supu chini, akamvuta Felisia nyuma ya mgongo wake mpana, akamsukumia ukumbini, na kwa mkono wenye vidole pungufu akamtafuta Bi Mwatima kwenye simu.

"Bi Mwatima," alisema ilipopokelewa, polepole, asimkurupushe mtu. "Nilikutajia pungufu. Ni viwili. Njoo na uzi."

Derick aliacha kuvuta. Akageuza kichwa upande, akakohoa kikohozi kile.

"Unampigia nani, laoban, tajiri wangu?" aliuliza kwa upole. "Usije ukamwamsha kijana wangu."

Abdulsalam alipiga hatua moja ndani, akaufunga mlango nyuma yake ili lililomo lisitoke.

"Mangi," alisema, akinyoosha mkono kuelekea bega la mwenziwe. "Chai imepoa, kijana wangu. Amka."